Nguo Moja ya Kumwondolea Charlotte Matanga

Ndevu za Balagizi zilikuwa zimefika kifungo cha pili cha shati, naye alizichukia kila asubuhi. Charlotte alikuwa amefariki mwaka mmoja na miezi miwili iliyopita, na tangu hapo wembe haukumgusa. Kwa ukoo wa marehemu, mgane hanyolewi hadi siku ya kuondoa matanga, na matanga hayaondolewi hadi jamaa wote wavae nguo moja, kuanzia mtoto anayenyonya hadi bibi. Tena anayeleta nguo ndiye anayeosha sufuria za karamu. Hiyo nayo ni sheria, na haina rufaa.

Kitenge alikuwa amekiagiza Nshombo, kaka wa marehemu, anayekaa Black Rock, huko Buffalo. Charlotte mwenyewe alikichagua kwenye simu akiwa kitandani: bluu, chenye ndege wa njano. Kikafika bandarini, kikalala hapo. Siku tisa kabla ya karamu Nshombo akapiga simu.

"Shemeji, banasema ushuru umepanda. Muuzaji amekataa kulipa, kitambaa kimerudishwa."

"Kimerudishwa wapi?"

"Kule kilikotoka."

"Bon. Na hizi ndevu, wakubwa watazirudisha wapi?"

Dada mkubwa wa marehemu, Chimène wa Louisville, ndiye aliyekuwa na haki ya kumnyoa. Yeye hakutaka habari ya bandari. "Bila nguo moja, shemeji, nitakula wali wako na nitarudi na wembe wangu Louisville. Donc, jipange."

Mchungaji Ezéchias wa kanisa lao la Linden, hapa Ohio, ndiye aliyemtuma Balagizi mji wa jirani, Hilliard. "Alhamisi kuna mjadala, wakubwa wawili wahafidhina watabishana juu ya soko huria na ushuru. Wanatafuta watu wa kujaza viti. Nenda uwaulize wenyewe."

Balagizi akaenda na Jemutai, binti Mkenya anayefanya kazi benki, ili amtafsirie. Ukumbini palikuwa na viti mia moja na watu kumi na tisa, na wengi walifuata kahawa. Mbele walisimama Bwana Whitcomb, mwembamba, wa soko huria, na Bwana Dreyer, mnene, wa ushuru. Walikuwa chama kimoja, lakini walitazamana kama wake wenza wanaogombea jiko.

Whitcomb akasema soko lina akili kuliko serikali yoyote, liachwe lijipangie. Dreyer akasema soko hilo hilo ndilo lililofunga viwanda vya Ohio, na ushuru utavirudisha. Balagizi alikuwa amefunga maboksi ghalani miaka sita, mashine ikihesabu hata dakika zake za chooni. Akawaza: akili ya soko hajawahi kuiona, na ya serikali huiona siku ya kodi tu.

Jemutai akamletea maikrofoni.

"Waulize, binti. Kitenge cha matanga ya mke wangu, nani kati yao amekizuia?"

"Yeye!" Whitcomb akadakia kwa furaha, kidole kikimwelekea mwenzake. "Mimi ningekifungulia mlango."

"Basi afungue."

"Kwa sasa sina mamlaka. Lakini katika soko huria mtu ana chaguo. Achague kitambaa kingine."

"Marehemu alishachagua," Balagizi akasema.

Dreyer akakohoa. "Pole sana, mzee. Nunua kitambaa cha Amerika."

"Hapa Ohio kitenge kinafumwa wapi?"

Dreyer akamtazama msaidizi wake, msaidizi akatazama simu. "Kiwanda kitakuja."

"Lini?"

"Miaka mitano. Labda kumi."

Balagizi akazishika ndevu zake. "Mwambie miaka kumi nitakuwa nazikanyaga."

Jemutai akacheka hadi tafsiri ikamshinda. Wakubwa wote wawili wakampa mgeni mkono, kila mmoja akiamini ameungwa mkono.

Mlangoni palikuwa na meza ya watu wa Dreyer, na chini yake maboksi mawili ya tisheti nyekundu zilizoandikwa kifuani: Nunua cha Amerika.

"Chukua, sir, ni bure," akasema dada wa mezani.

"Ngapi?"

"Hata zote. Sina nguvu ya kuzirudisha garini."

Balagizi akasimama, akafikiri. Saizi zote, rangi moja. Sheria inasema nguo moja, haisemi ipi.

Jumamosi Chimène akashuka kwenye gari, akaziona zimepangwa kitini. Akageuza ukosi wa moja, akasoma. "Imeshonwa Honduras."

"Kumbe hata mwenye tisheti kiwanda hajakipata," Balagizi akasema.

Chimène aliitazama picha ya mdogo wake ukutani. "Charlotte alitaka bluu."

"Najua," Balagizi akasema. "Bluu waliirudisha, dada. Lakini na wewe unajua alivyopenda vya bure. Sabuni za ile hoteli alikosafisha, hadi leo naogea."

Chimène akacheka, kicheko kikageuka kilio, na akiwa bado analia akavaa tisheti juu ya gauni lake. Kisha akatoa wembe. Uso wa Balagizi ukatokea mdogo, umekonda, kama wa mtu aliyekuwa safarini bila chakula.

Wakapiga picha nje, watu arobaini na watatu wekundu, Alliance binti wa Nshombo akaiweka mtandaoni. Kabla ya chai Jemutai akaja mbio na simu.

"Mzee, Dreyer ameichukua picha yenu! Ameandika: 'Familia ya wahamiaji yaunga mkono ushuru.' Na Whitcomb amejibu hapo chini: 'Watu wamejipanga wenyewe bila serikali. Soko huria hilo.'"

Balagizi akapapasa kidevu chake kitupu.

"Mwandikie yule mnene: kwetu anayevisha watu siku ya matanga ndiye anayeosha sufuria. Ziko nyuma ya nyumba, saba. Na yule mwembamba aje kuzianika, kwa hiari yake."

Jemutai akaandika neno kwa neno. Wakangoja. Ilipofika saa kumi na moja jioni bila jibu, Nshombo, mwenye kitenge kisichofika, akakunja mikono ya tisheti yake ya Honduras, akaanza na sufuria kubwa.