Panga Ndani ya Mti

Antoni alipanda msituni juu ya Kilema kukata nguzo za banda la ng'ombe, hakurudi. Wanakijiji walimtafuta siku tisa, wakachoka. Mkewe, Salvina, aliendelea kumngoja.

Mwaka wa tatu, mwezi wa saba, Salvina na jirani yake Doris walikwenda kukata majani ya ng'ombe kando ya msitu. Ilikuwa saa nne asubuhi, ukungu mzito. Salvina akasikia harufu tamu ya maua, akaifuata hatua chache ndani. Alikuta mti mdogo, kimo chake hakizidi paa la nyumba, umechanua maua meupe. Hapakuwa na nyuki hata mmoja.

Kwenye shina palichomoza mpini wa panga. Bapa lote lilikuwa limemezwa, gome limelifumba kama mdomo. Salvina alipapasa mpini, akakuta herufi alizozichoma mwenyewe kwa msumari wa moto: A.K. Mpini ulikuwa na joto, kana kwamba mtu ameuachia sasa hivi.

Akamwita Doris. Doris aligusa, akautoa mkono upesi na kuufuta kwenye kanga.

Gidioni, mlinzi wa msitu, aliyeitwa na Doris, alifika mchana. Aliwaeleza kwamba mti ule ni wa jamii ya mkangazi, ila huu hubaki mdogo, na hukua polepole sana. Akapima gome kwa vidole.

"Panga hili lina miaka thelathini humu," alisema.

"Nililinunua mimi, Baba Gidioni," Salvina akamjibu. "Halijafika hata minne."

Gidioni akataka kuukata mti. Veronika, mama yake Antoni, aliyepandishwa kwa kushikwa mkono, alikataa. Alichomeka shinani tawi la isale, mmea wa kuombea radhi, akaanza kusema na mti kwa Kichagga, taratibu, kama mama anayemwamsha mtoto. Alipotaja jina la mwanawe, maua yote yakaanguka kwa pamoja. Upepo haukuwapo.

Waliteremka, panga wakaliacha shinani.

Jumapili Salvina alimwomba padri misa ya marehemu. Alilia kanisani kwa mara ya kwanza tangu Antoni apotee, akarudi nyumbani, akalala hadi asubuhi. Siku hizi ng'ombe wake hula mabua ya mpunga ya kununua kutoka Mabogini, kule tambarare. Doris alipomuuliza kwa nini ahangaike hivyo, na majani yamejaa kule juu, alisema hataki tena kukata chochote kule.