Mzigo wa Mgeni wa Evelina

Nyumba ya Evelina pale Mkuyuni haijawahi kukaa bila mgeni, na mgeni akiingia, kitu cha kwanza anachonyang'anywa ni mzigo. Ndivyo alivyolelewa. Ukimwambia "acha tu mama, si mzito," umemtukana.

Basi siku Masele wa bajaji alipomshusha mgeni wa mviringo, mkubwa kama sufuria ya shughuli, mwenye miiba mwili mzima kama nungunungu, Evelina hakushangaa miiba. Alishangaa mtu katoka mbali vile na bado kajitwika kichwani kokoto, magamba ya kome na mwani. Alikuwa nungu wa baharini, katokea bahari ya Ncha ya Kusini, huko kwenye barafu. Alexander, mtoto wa Evelina, mpishi kwenye meli ya watafiti, ndiye aliyemwelekeza: ukifika Mwanza fikia kwa mama, atakutunza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Lete mzigo."

Kabla mgeni hajajibu, kichwa kilikuwa wazi. Evelina akamkalisha kwenye beseni la maji ya chumvi na barafu, katikati ya ua, juani, maana mgeni wa heshima hafichwi. Mtaa upite, umwone. Mtaa ukapita, ukamwona, ukakaa kunywa chai.

Kesho yake alimkuta kajitwika kifuniko cha sufuria na mfupa wa sato. Akampokea. Mchana kajitwika kandambili. Akampokea, akamwomba radhi kwa watoto wanaotupa viatu ovyo. Mgeni akaanza kusinyaa. Mwiba mmoja ukadondoka, na Shamsa, jirani wa Evelina, ambaye macho yake yanaishi juu ya ukuta, akapeleka habari hadi sokoni kwamba kwa Mama Alexander siku hizi wageni wanakonda.

Neno hilo lilimchoma Evelina hadi usingizi ukapaa. Na huyu akimfia mikononi, Alexander ataambiwa nini? Akapika ugali, sato na nsansa, ile mboga ya majani makavu ya kunde, kwa karanga. Mgeni akala, akashukuru, mwiba mwingine ukadondoka.

Evelina akavuta kigoda, akamwuliza taratibu ni nani kamkosea. Mgeni alizunguka sana kabla ya kufika kwenye neno. Alieleza kwamba kwao, baridi kali ikiisha, ozoni ya angani inayochuja jua huwa nyembamba mno, na mionzi inawashukia bila chujio. Kila mmoja ana ujanja wake. Uduvi huzama kilindini mchana, wakapanda usiku. Mwani hujitengenezea mwilini dawa ya kunasa mionzi, na wasiojua kuitengeneza huula mwani, dawa ikawakaa na wao. Ukoo wake yeye, juu ya kula, huokota kokoto na magamba wakajifunika.

"Nsansa yako tamu, mama, ila dawa ile haimo. Na vile vya kichwani si mzigo. Ni paa langu."

Evelina alishika tama. "Kumbe siku zote hizi nakuezua, na wewe umenyamaza?"

"Ningekukatalia vipi, mama? Unapokea kwa moyo."

Alimfunika kwa ungo papo hapo. Lakini basi la mgeni kurudi pwani lilikuwa la mchana wa kesho, juani, na zile kokoto zake watoto walishazichezea bao zikapotea. Evelina akajitanda khanga, akagonga mlango kwa mlango, hata kwa Shamsa, akiwakumbusha kuwa mgeni haondoki mikono mitupu. Sharti lilikuwa moja tu: zawadi iwekwe kichwani.

Mtaa ulijaa uani. Wakamtwika vitenge, mfuko wa matobolwa ya viazi vitamu vilivyokaushwa, mwiko, kapu la dagaa wakavu. Shamsa, asiyependa kupitwa, akaleta mkeka mzima. Walipofika stendi ya Buzuruga lilionekana lundo tu linalotembea, na chini yake sauti ikisalimia watu kwa adabu.

Kondakta akauliza abiria wa mzigo huu yuko wapi, akanyoosha mkono aupeleke kwenye buti. Mkono wa Evelina nao ulikuwa umeshanyooka kusaidia, kwa mazoea. Akaurudisha, na njiani ukapita ukampiga kondakta kofi vidoleni.

"Mwache apande nao," akasema. "Nitamlipia siti mbili ikibidi, lakini hapokelewi mtu hapa."

Shamsa akaguna, akasema toka azaliwe hajaona mgeni wa Mama Alexander akiondoka amenenepa namna ile.