Viganja Kumi na Saba

Nianze na kosa langu, maana nikianza na la wengine nitapandwa na hasira nisahau la kwangu. Miezi mitatu kabla ya haya, mimi Mama Pacha, fundi cherehani wa barazani kwangu, nilimpigia simu mtoto wa jirani yetu nikamwambia, "Kaka, mama yako amechanganyikiwa. Anaingia uani kwangu na fimbo, anahesabu hatua kutoka mlangoni kwake. Mfanyie mpango."

Akamfanyia mpango.

Jirani mwenyewe mtaa mzima ulimwita Bi Kisima. Ana miaka sabini na minane, mwembamba, mdomo hauna breki. Miaka nenda miaka rudi wimbo wake ulikuwa mmoja: nyumba tuliyonunua mimi na mume wangu imejengwa juu ya kisima cha mtaa. Watu wa mtaa walikichimba wenyewe, yeye akiwa na miaka kumi, na kila aliyechimba na kila mtoto aliyebeba mchanga akaweka kiganja chake kwenye saruji mbichi. "Viganja kumi na saba," alisema, na akiona unacheka anarudia taratibu, kama mwalimu anayesomesha imla. Kwetu mabomba hutoa maji siku mbili kwa wiki. Siku nyingine mtu akirudi na ndoo zake kutoka ng'ambo ya barabara kuu atapita kwake amtanie, "Bi Kisima, tuchotee basi." Watu wanacheka. Nami kwenye cherehani nacheka, pini mdomoni.

Siku niliyopiga simu alikuwa amefika hadi mlango wa jikoni. Nilikuwa na mteja wa gauni la harusi, mtu mwenye pesa zake, nikaona aibu. Nikamwambia bibi wa watu mbele za watu, "Toka hapa, kichaa wewe." Alimalizia kuhesabu, ishirini na mbili, ishirini na tatu, ndipo akageuka akatoka.

Mwanawe ni bwana wa benki, mpole wa sauti, viatu havijui vumbi. Baada ya simu yangu alimnyang'anya mama yake ufunguo wa nyumba, na akienda kazini anamfungia ndani. Tukawa tunamwona dirishani tu. Halafu ikasikika kwamba Jumamosi atampeleka kwenye kituo cha kulelea wazee, mbali huko, kwa sababu mtu anayeona visima chini ya majiko ya watu hawezi kuachwa peke yake. Nikasema afadhali. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu huu.

Ijumaa asubuhi, siku moja kabla ya safari hiyo, alikuja fundi wa vigae. Vigae vitatu vya jikoni vilikuwa vimetitia mbele ya jiko. Fundi huyu ni mtu wa maneno machache. Kazi yake ni kugonga kwa mpini wa nyundo na kusikiliza. Akagonga hapa, akagonga pale, akakunja uso.

"Mama Pacha, hapa chini hapana udongo."

"Pana nini?"

"Hapana kitu. Ndiyo shida yenyewe."

Akang'oa vigae. Chini yake zege jembamba. Chini ya zege, upande mmoja mchanga mkavu uliochekechwa, upande mwingine bati lililolazwa juu ya mbao zilizooza. Alipoliinua lile bati, ubaridi ulipanda ukanishika miguuni. Akadondosha kipande cha kigae. Tukasubiri. Kikalia chubwi.

Nilikaa chini palepale. Miaka mitano nimesimama juu ya shimo lile nikikaanga vitunguu.

Fundi alipiga magoti akapitisha kidole kwenye mawe ya mdomo wa kisima. Yalikuwa na mifereji mifereji, laini, inayoingia kidole kizima. "Hii ni kazi ya kamba," akasema. "Kisima cha nyumba moja, kamba hula jiwe upande mmoja, pale anaposimama mwenyewe. Hiki kimeliwa pande zote. Hapa walikuwa wanachota watu, mama."

Kisha akachukua ufagio akafagia ule mchanga, na saruji ya kuzunguka kisima ikatokea. Sikutaka kuhesabu. Nilihesabu. Vilikuwepo viganja vipana vya watu wazima, vidole vimezama, na vidogo vya watoto vilivyobonyezwa kwa woga. Nikahesabu tena kwa kidole, nikitamani viwe kumi na sita. Vilikuwa kumi na saba.

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Tunawafundisha watoto maneno hayo. Letu lilikuwepo, na lilisemwa kila siku ya Mungu na mtu ambaye kiganja chake kimo sakafuni mwangu, nasi tukamwita kichaa.

Nyumba hii tuliuziwa na binti wa marehemu Karani. Karani alifanya kazi ofisi ya ardhi na akaheshimiwa mpaka siku ya maziko yake. Nikampigia simu huyo binti.

"Ah, hicho," akasema, kama vile nimemuulizia sufuria aliyoisahau. "Bado kipo? Nilidhani kilishajaa udongo."

"Kwa hiyo ulijua."

"Baba alitukataza tu tusiweke kitu kizito hapo. Mambo ya zamani hayo, dada."

"Na yule bibi aliyekuwa anasema miaka yote?"

Akacheka. "Bi Kisima? Jina hilo alimpa baba. Alikuwa na utani sana, baba."

Nilikata simu, maana tusi lililokuja kinywani halikuwa la kumtolea binti wa marehemu. Ndipo nikakumbuka maneno ambayo bibi alikuwa akiyasema nami sikuyatilia maanani. Karani alianza kwa huruma, alisema. Alijenga ukuta ili watoto wasitumbukie, wakamshukuru. Akaweka mlango, wakamshukuru. Mlango ukafungwa usiku, kwa usalama. Ukafungwa na mchana. Aliyelalamika alioneshwa karatasi ya kiwanja yenye mhuri, na mwenye mhuri ni nani kama si yeye. Likaja paa, na chini ya paa likaja jiko. Waliochimba wakafa, wengine wakahama, wakaja wapangaji wasiojua hili wala lile. Akabaki mtu mmoja wa kusema, na mtu huyo Karani akampa jina la kuchekesha. Jina likafanya kazi kuliko zege.

Mume wangu, Baba Pacha, muuza vipuri, alirudi kula mchana. Akachungulia shimo, akauliza, "Nani mwingine ameona?"

"Mimi na fundi."

"Basi yaishie hapo. Fundi, kesho saa mbili uje na saruji. Tunaziba."

Nikamwambia vipi tuzibe, na yule bibi yuko pale dirishani. Akashusha sauti kama anayembembeleza mtoto mwenye homa. "Mama Pacha, tumejinyima miaka kumi na mmoja tupate nyumba hii. Wakijua, kesho pana foleni ya ndoo jikoni kwako. Keshokutwa anakuja mtu na karatasi anasema jiko hili si lako. Bibi anaondoka kesho. Mungu anisamehe, lakini ametupunguzia tatizo."

Nilimtazama baba wa wanangu, mtu mwema, asiyeweza hata kumchinja kuku. Karani naye alikuwa mtu mwema nyumbani kwake, sina shaka. Chakula kikanishinda.

Mchana ule nilikwenda hadi dirisha la bibi. Aliniona nikija, akavuta pazia. Mwanawe nilimpigia mara nne hakupokea. Namba yangu alishaizoea kwa malalamiko. Majirani wengine sikuwaambia, na hapa niseme ukweli: nami nilikuwa nalionea uchungu jiko langu. Hasira zilikuwepo, ila zilikuwa bado za mdomoni.

Jumamosi saa mbili fundi alifika na mifuko miwili ya saruji. Mbele ya nyumba ya bibi gari la mwanawe lilikuwa limeshafunguliwa buti, masanduku yanapakiwa. Mume wangu akamwaga saruji na mchanga uani, akachukua sepetu, akafungua bomba. Bomba likakohoa, likanyamaza. Haikuwa siku ya maji. Akaenda kwenye pipa, pipa tupu. Akasimama kidogo na ndoo mkononi. Halafu, bila kumtazama mtu, akaifunga ndoo kamba, akaingia jikoni akachota kisimani.

Nilimwona akitoka nayo. Maji yanameremeta, yanamwagika kidogo kidogo kwenye viatu vyake. Mume wangu amechota maji ya kisima ili achanganyie zege la kuzibia kisima. Fundi alitazama chini.

"Lete hiyo ndoo," nikasema.

"Mama Pacha, tusianze."

"Baba Pacha, nipe ndoo."

Akanipa. Sijui aliona nini usoni kwangu, lakini alinipa. Nikatoka nayo barabarani na kanga yangu ya jikoni, moja kwa moja hadi kwenye gari, nikaitua juu ya boneti. Maji yakaruka yakalowesha kioo. Bibi alikuwa ameketi kiti cha nyuma, mkoba mapajani, na mlango umefungwa usifunguke kwa ndani, kama wanavyofungiwa watoto.

"Dada, vipi tena?" akasema mwanawe kwa ile sauti yake ya dirisha la benki.

"Leo mabomba yametoa maji?"

"Hapana."

"Haya yametoka wapi?"

Majirani walishaanza kusogea. Hakuna kinachoita watu mtaani kwetu kama maji siku ya ukame. Mmoja alitumbukiza kidole ndani ya ndoo, akakilamba.

"Yametoka jikoni kwangu," nikasema, na sauti ikapanda nisiweze kuizuia. "Chini ya jiko, mahali mama yako alipopahesabu kwa fimbo. Kisima kipo. Viganja vipo kumi na saba. Mama yako hajachanganyikiwa hata siku moja. Mtoe humo ndani."

"Lakini si wewe uliyenipigia simu?"

"Ni mimi. Na wewe ukaniamini mimi, mshona nguo, usimwamini aliyekuzaa. Ungekuja na fimbo ukapima. Hatua ishirini na tatu, kaka. Zingekuchukua dakika moja."

Mwanawe akafungua mlango wa nyuma. Bibi aliteremka mwenyewe, akaukataa mkono wake, akapita mbele yangu bila kunitupia jicho. Tukamfuata watu ishirini, thelathini, mpaka jikoni kwangu pakawa hapana pa kuweka mguu. Mume wangu alikuwa amesimama katikati na sepetu lake. Alipomwona bibi aliliegemeza ukutani, akalivuta jiko na mtungi wake wa gesi akavisogeza pembeni ampishe.

Nikamwambia, "Bibi, sogea uone."

"Mimi nilishaona," akasema. "Waoneshe hawa."

Wakasogea mmoja mmoja. Wale waliokuwa wakimwambia tuchotee basi, walichungulia wakatoka, wengine wamefunika midomo kwa mikono. Mwanawe alipofika zamu yake alichuchumaa, suruali ya benki kwenye vumbi la saruji. Bibi akaelekeza kwa fimbo. "Hicho kipana cha baba yangu, babu yako. Hicho kidogo cha dada yangu. Kinachofuata ni changu. Nilikibonyeza nusu, maana saruji ilikuwa inawasha nikautoa mkono haraka. Nilichapwa kwa hilo." Bwana wa benki aliweka vidole vyake vinne juu ya kile kiganja, navyo vikakijaza, na mabega yakaanza kumtikisika.

Bibi hakumwangalia. Alinigeukia mimi.

"Siku ile pale mlangoni uliniita nani?"

Jiko zima likasikiliza. Yule mteja wa gauni la harusi naye alikuwepo, sijui aliingilia wapi.

"Nilikuita kichaa, Bibi."

"Na leo?"

"Leo nasema mbele ya hawa hawa kwamba nilikukosea. Wewe ulikuwa unasema kweli. Mimi ndiye sikuwa na akili."

Akaitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyerudishiwa kitu chake na anakikagua kama kimerudi kizima. Hakusema amesamehe. Akamtazama mume wangu. "Na watu watapita wapi kuchota? Dirishani?"

Mume wangu akajibu, "Tutatoboa mlango upande wa barabara, Bibi. Fundi yupo, saruji ipo. Tunaanza leo."

Mwanawe alikuwa amesimama, macho mekundu, vumbi magotini. Bibi akamnyooshea kiganja. Yeye akadhani mama yake anataka kushikwa, akampa mkono. Bibi akauondoa mkono ule, akanyoosha tena kiganja kitupu.

"Ufunguo wangu," akasema.

Ulikuwa kwenye kishikio kimoja na ufunguo wa gari na wa ofisi, ule waya mgumu wa kuzunguka mara mbili. Alihangaika nao kwa kucha, ukagoma, akajaribu kwa meno, huku mama yake amemnyooshea mkono na mtaa mzima unamtazama. Hakuna aliyemsaidia.