Ua la Kwanza ni Mwizi

Dada yangu ni msimamizi kwenye bustani ya miche, na huko wana msemo: ua la kwanza ni mwizi. Mche ukitoa tumba la kwanza, wanalikata kwa kucha ili nguvu irudi chini, utoe matawi. Kwake imekuwa ugonjwa. Mkaribishe chai, atatoka nje na kikombe chake akatekate mimea yako huku akiwasengenya wakwe zake.

Nilijua hayo yote, na bado nikamwachia ufunguo wa kibanda.

Kibandani mlikuwa na ua la mlimani, aina inayoota kwenye ukingo mmoja tu juu ya machimbo ya mawe, na kwingine duniani haipo. Bila chavua ya mwenzake, halitungi mbegu. Ilibaki miche miwili: mmoja huko juu, na huu wangu, niliokuwa nikiupoza kwa barafu kama mgonjwa wa homa, usitangulie kuchanua. Chavua yake haihifadhiki. Nimeikausha, nimeigandisha, yote ikafa. Dawa ilikuwa moja, maua ya miche yote miwili yachanue pamoja, na mwaka huu ndiyo kwanza yalikuwa yanakubaliana.

Niliposikia machimbo yanapanuliwa hadi kwenye ule ukingo, nilipanda mlima roho mkononi. Tingatinga lilikuwa limeshafika. Dereva alizima injini aliponiona.

"Mama, chukua unachochukua. Mimi nimetumwa tu."

Mche haukung'oleka, mizizi ilikuwa imezama kwenye mwamba. Nikakata ua lililochanua, nikalifunga kwa kitambaa kibichi, nikashuka mbio. Nyuma yangu injini ikawaka tena.

Nikakuta kibanda kimefagiliwa, dada anatabasamu.

"Pole na safari, mdogo wangu. Huo mche wako ulikuwa umejinyima, tumba moja tu, tena linakaribia kufunguka. Nimelitoa."

Nilipiga magoti kwenye ndoo ya taka. Nililikuta chini ya maganda ya viazi, limesinyaa. Nikalipasua kwa sindano. Ndani palikuwa pachanga, pakavu, hapakuwa pa kushika chavua, na hata pangeshika, tumba lisilo na shina halizai. Nikapaka hivyo hivyo kwa brashi, nikapaka mpaka unga ukaisha. Nilimchukia dada yangu. Nilimchukia kwa moyo wote, naye amesimama na ufagio hajui kosa lake.

"Jamani, si tumba tu?" akasema. "Mche wenyewe mzima. Mwakani utatoa matawi, utachanua mpaka uchoke kuutazama."

"Utachanua na nani, dada?"

Akatazama lile ua kwenye kitambaa, limekatwa kama lile tumba alilolitoa yeye. Akatazama dirishani, vumbi lilikokuwa linapanda juu ya machimbo.  Kisha akainama, akaanza kufagia upya pale pale palipokuwa safi.