Sahani ya Mzee Fungua

Mtaani kwao walikuwa wachache waliokumbuka jina lake. Walimwita Mzee Fungua, kwa sababu ujana wake wote uliishia forodhani akikagua mizigo ya watu, na neno lililomtoka mara nyingi kuliko salamu lilikuwa hilo: "Fungua." Alipostaafu, kofia na sare alivirudisha, lakini lile jicho alikuja nalo nyumbani. Ukimletea zawadi iliyofungwa huitikisa kwanza sikioni. Ukimwambia shikamoo mara mbili kwa siku moja hujiuliza unataka nini. Marehemu mkewe alipenda kuwachekesha wageni kwamba mume wake hata ndoto huzikagua kabla ya kuamka.

Sasa huyu ndiye aliyetakiwa kumpokea mkwe. Binti yake, kitinda mimba, alikuwa amepata mchumba, na Jumapili wazee wa kijana wangekuja kuleta posa. Jibu lilikuwa la baba peke yake. Binti alishasema wazi: bila radhi ya baba haolewi, na akikataliwa huyu hamtafuti mwingine. Hakusema kwa kutisha, alisema huku akipanga vyombo, na hilo ndilo lililomkosesha mzee usingizi. Alimpenda huyu mtoto kuliko alivyojua kusema.

"Anafanya kazi gani?" aliuliza.

"Anawatembeza watu mjini, baba, wanakula vyakula vya barabarani."

"Kula nako ni kazi?"

"Wanaokula ni wageni. Yeye anawaonyesha."

"Anawaonyesha watu wazima namna ya kula!"

Hakungoja Jumapili. Alikwenda kwa jirani yake kinyozi, akamwomba apige simu amwandikishe kwenye msafara wa kijana huyo wa Ijumaa alasiri kama muuza viatu aliyetoka safari. "Na mdomo wako uufunge," alimwambia. Kinyozi akaapa kwa mkasi wake. Kumwambia kinyozi afunge mdomo! Mzee mwenye akili zake zote hilo hakuliona.

Ijumaa alivaa kofia aliyoivuta hadi kwenye nyusi na miwani myeusi. Walikutana mbele ya duka la vitambaa: mume na mke vijana waliopiga picha kila kitu mpaka mfereji, fundi saa mmoja mnene mwenye macho ya huruma, na yeye. Kiongozi wao alikuwa kijana mrefu mwembamba. Wauzaji walimwita Onja, maana kila chakula kilipoletwa alichukua kidogo yeye kwanza, akatafuna, akatikisa kichwa, kisha akawaambia wageni, "Onjeni."

"Shikamoo mzee wangu," alimwambia Mzee Fungua, akainama zaidi kuliko alivyowainamia wengine.

Mzee akaitika, akaweka hilo moyoni. Mtu anayekuinamia kupita kiasi ana mzigo ambao hataki uufungue.

Kituo cha kwanza kilikuwa cha mahindi ya kuchoma, kwenye kona yenye moshi wa kutoa machozi. Mchomaji alikuwa mama mwenye kicheko cha kusikika mtaa wa pili. "Mume wangu huyo anakuja!" alipaza sauti alipomwona Onja. Wageni wakacheka. Mzee Fungua hakucheka. Kama ni mzaha, mbona kijana alitazama chini? Halafu Onja akamwinamia yule mama sikioni, akanong'ona, na wote wawili wakageuka wakamtazama yeye. Yule mama akaitikia kwa kichwa, pole pole, kama mtu aliyepewa kazi nyeti.

Mahindi yalikuwa matamu. Mzee aliyala bila kuyafurahia.

Walishuka uchochoro wa mafundi cherehani, mashine zikilia pande zote, hadi kwa muuza samaki. Hapo karai kubwa lilikuwa motoni na vipande vya samaki vinaogelea kwenye mafuta. Onja alinong'ona tena. Muuza samaki akachungulia juu ya mabega ya watu, akamtia mzee machoni, kisha akavuta kikaango kidogo kutoka chini ya meza. Akamimina mafuta mengine, ya chupa nyingine. Akakaanga kipande kimoja tu, peke yake, na kipande hicho kikaletwa kwa Mzee Fungua.

Forodhani aliona mengi, na kitu kimoja alikijua kama anavyojua kiganja chake: mzigo unaotengwa na mingine ndio wenye jambo.

"Mbona wangu amekaangwa pembeni?" aliuliza, sauti ya kawaida kabisa.

"Wako ni maalumu, mzee wangu," Onja akajibu haraka. Haraka mno.

"Umaalumu wake nini?"

"Ah! Mgeni wa heshima tu." Akageuka kuwaonyesha wale vijana mahali pa kupiga picha.

Mzee alikila, kwa kuwa njaa ilikuwa imemshika na kukikataa kungemfichua. Lakini moyo haukutulia. Aliwahi kuwekewa sumu, mwenyewe aliamini hivyo, na aliyemwekea hakuwa mtu baki. Alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Miaka mingi nyuma walikuwa na mvutano juu ya nyumba ya marehemu baba yao, na mdogo wake akamwalika wale pamoja wayamalize. Alikula, akavimba uso, akabebwa hoi hospitali. Alipopata nafuu alimfuta ndugu yake katika maisha yake. Hata mkewe alipofariki, mdogo wake alikuja mazishini akasimama ng'ambo ya barabara, na Mzee Fungua alimwona vizuri kabisa, akamwambia mtu afunge geti. Kwa hiyo asitokee mtu wa kumfundisha yeye habari ya sahani.

Kituo cha tatu kilikuwa kwa Mama Masufuria. Alipika nyuma ya gereji, chini ya turubai, masufuria yamepangwa kwa ukubwa kama watoto wa nyumba moja. Nyama ya mishikaki ilikuwa inachomwa, na juu yake ukamwagwa mchuzi mzito wa rangi ya udongo, wenye harufu iliyowafanya mafundi wa gereji waache spana zao. Sahani nne zilijazwa. Tatu zilitoka sufuria kubwa. Ya nne ilitoka kijisufuria cha pembeni kilichofunikwa, na kabla haijabebwa Onja alifunua, akachovya kidole, akalamba, akaridhika.

Sahani hiyo ikawekwa mbele ya Mzee Fungua.

Kwa hiyo anajua mimi ni nani, aliwaza. Anajua, na ananilainisha kwa dawa. Watu wa aina hii wana dawa zao: baba mkwe anakula, Jumapili anakubali kila kitu kama mbuzi aliyevutwa kamba. Alikasirika, na ndani ya hasira mlikuwa na furaha chafu ya kumkamata mtu. Atamwambia nini mwanawe? Atamwambia ukweli, kwamba baba alimkagua akamkuta na dawa.

Lakini alitaka ushahidi. Onja alipogeuka kuchukua maji, mzee alimwonyesha fundi saa pikipiki iliyokuwa inavutwa gereji. "Ile si ya mwaka huu?" Fundi saa akageuza shingo. Sahani zikabadilishana. Alifanya kwa ustadi, vidole vya mkaguzi havisahau.

Kisha akala, ameinua kichwa, kwa raha ya mshindi. Mchuzi ulikuwa mtamu ajabu. Akafuta sahani kwa kidole.

"Huu wangu umepoa ladha," fundi saa alilalamika kimya kimya, akitafuna bila dalili yoyote ya kulainika.

Midomo ndiyo iliyoanza, kama imepakwa upupu. Kisha ulimi ukawa mzito, masikio yakawaka moto, na pumzi ikaanza kupita kwa kubisha hodi. Mzee Fungua akasimama, kiti kikaanguka. Aliijua hali hii. Ilikuwa ile ile ya nyumbani kwa mdogo wake.

"Amewekewa sumu!" mke wa wale vijana akapiga kelele. Mafundi wakazunguka. Mtu alimshika Mama Masufuria mkono, mwiko ukamdondoka, akawa anarudia tu, "Mimi? Mimi nimuue mtu?"

Onja alifika kwa hatua moja. Aliutazama ule uso uliovimba, akatazama sahani, akamtazama fundi saa. Alielewa papo hapo. Mzee aliona kabisa kwamba ameelewa, akangoja aseme mbele za watu kwamba huyu mzee ni mwizi wa sahani.

"Mwacheni mama wa watu!" Onja akawaambia mafundi. "Kosa ni langu. Baba, nitazame mimi. Pumua, baba."

Akamtupa mgongoni kama gunia, akakimbia naye.

Mzee alipopata fahamu vizuri alikuwa kwenye kitanda cha zahanati, amechomwa sindano, macho yamebaki nyufa mbili. Katika nyufa hizo alimwona binti yake ameketi, kanga imelowa machozi.

"Kinyozi," mzee akasema kwa shida.

"Siku ile ile, baba. Hata simu hakuwa ameikata vizuri." Akafuta pua. "Nikamwambia mchumba wangu, baba anakuja kukuchunguza, jifanye humjui. Ila karanga asile. Muuza samaki anakaangia mafuta ya karanga, na mchuzi wa Mama Masufuria ni karanga tupu. Akawaomba wakupikie pembeni, na mama wa mahindi asikuonjeshe karanga."

"Karanga zina nini?"

"Zinataka kukuua. Mama alishaligundua zamani. Alikuona umevimba midomo mara mbili ukitoka safari, na kila mara ulikuwa umetafuna karanga njiani. Ile ya kwa baba mdogo ilikuwa kubwa, basi."

Muuguzi, aliyekuwa anakusanya vitu vyake, aliongeza kwamba ndiyo, mwili unaweza kukikataa chakula hata ukubwani, na kila mara ukazidi.

"Mbona mama yako hakuniambia?"

"Alikuambia, baba." Binti alisema taratibu, kama anayeshika kidonda. "Ukamwambia anamtetea shemeji yake. Ukasema mtu akikutajia karanga tena ndani ya nyumba yako, utajua na yeye yumo kwenye njama. Akanyamaza. Akaziondoa jikoni, maisha yakaendelea."

Alikumbuka. Alikumbuka mpaka mahali mkewe alipokuwa amesimama, na namna alivyokunja kitambaa cha meza bila kumjibu. Uchungu ulimpanda, na safari hii haukuwa wa kooni. Maskini mke wake, kwamba kumlinda mumewe ilibidi afanye kwa siri kama mwizi.

Mlango ukafunguliwa. Askari aliingia, nyuma yake Mama Masufuria aliyekuwa anatetemeka, na Onja amemshika mama huyo kiwiko. Nje kulikuwa na watu, sauti zao zilisikika.

"Pole mzee," askari akasema. "Watu wanasema huyu mama alikuwekea kitu. Huyu kijana naye anasema alaumiwe yeye. Wewe unasemaje? Nani alikuwekea?"

Onja alitazama sakafu. Angeweza kusema. Tangu gereji angeweza kusema, na bado alikuwa hasemi. Katika maisha yake yote ya forodhani Mzee Fungua hakuwahi kumwona mtu amebeba mzigo usio wake akakaa kimya nao.

"Hakuna aliyeniwekea kitu," alisema. Ulimi ulikuwa bado mzito, akalazimika kurudia kwa nguvu ili hata wa nje wasikie. "Mama huyu alinipikia chakula changu vizuri. Mimi ndiye niliyeiba sahani ya mwenzangu. Mama, nisamehe. Nimekuvunjia heshima mbele ya wateja wako."

Mama Masufuria alikaa chini pale pale, akalia kwa sauti. Askari alikuna kichwa, akamtazama mzee kwa muda, akatoka kwenda kuwatawanya watu. Onja akataka kutoka pia.

"Wewe," mzee akamwita. "Jumapili wazee wako wanakuja saa ngapi?"

Kijana akageuka. "Saa nne, ba... mzee."

"Ulishaniita baba mbele ya mafundi wote wa gereji. Usirudi nyuma."

Binti alicheka huku analia, akamshika baba yake mkono. Mzee hakumaliza. Alikuwa anatafuta kitu darini, kwa macho yale yaliyovimba.

"Sasa nani atakuwa msemaji wetu?" akauliza. "Baba hawezi kumsemea binti yake mwenyewe. Kazi hiyo ni ya baba mdogo." Akameza mate, yakapita kwa maumivu. "Namba yake sina."

Binti akatoa simu mfukoni, akaibonyeza mara moja tu bila kutafuta popote, akamwekea sikioni. Mzee Fungua hakumuuliza ameipata wapi, wala tangu lini. Aliishika simu kwa mikono miwili, ikaita.