Mkimbizi wa Simbo

Lori lilikuwa limeshajaa magodoro na kuku, na Honorata bado hajatulia. Anakaza fundo la kitenge, analifungua, analikaza tena, macho kwenye barabara ya Simbo. Jumatatu alikuwa akiomba kaka yake Dismasi atokee kwenye barabara ile. Leo Alhamisi alikuwa akiomba baiskeli ya Dismasi ipate pancha.

Usishangae. Honorata hakuwa mkimbizi hata siku moja. Ni Mha wa Kigoma, hapahapa Tanzania, kazaliwa Simbo, kaolewa Simbo, kaachika Simbo, na mihogo yake iko shambani kulekule. Kilichompeleka kambini ni bintiye Happiness, mwenye kifafa. Zahanati waliyoitegemea ilikaa miezi minne ikimwambia vidonge vimekwisha, rudi mwezi ujao, na mtoto akawa anaanguka tu. Mara ya mwisho aliangukia mafiga yenye moto, na kovu analo mkono mzima. Kambini wakimbizi walipewa vidonge hivyohivyo kila mwezi bila maneno. Sasa mama afanyeje? Siku wakimbizi wa Burundi walipoletwa wengi kutoka Kagunga, mpakani, naye akajipanga kwenye foleni na mtoto wake. Kiha na Kirundi vinasikilizana. Akageuza ulimi kidogo, akataja kilima cha Burundi alichowahi kukisikia kwa wateja wake wa mihogo kuwa ndiko kwao, akaandikwa. Uongo, ndiyo. Amcheke mwenye mtoto asiyeanguka.

Miaka miwili ikapita Happiness hajaanguka. Anasoma, anacheza rede, akilala na mama naye analala. Kisha ikatangazwa kwamba kambi inafungwa, watu warudi kwao Burundi, na kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani likawamo jina la Honorata pamoja na kilima chake, kilima ambacho hajakitia machoni tangu azaliwe.

Jumatatu hiyo alikwenda mbio kwa afisa wa orodha, Bwana Thobias, akakiri yote. Thobias alicheka mpaka akavua miwani. Alimwambia yeye ni wa kumi na saba wiki hiyo. Siku hizi kila asiyetaka kurudi amezaliwa Simbo. Akitaka aaminiwe, alete barua ya mwenyekiti wa kijiji na ndugu wa kumtambua. Honorata akatuma mtu wa kumwita Dismasi palepale.

Jumatano akaenda kliniki ya kambi kuchukua vidonge, akakuta makabati yanamwagwa kwenye maboksi. Muuguzi Hasna, mtu wa Ujiji asiyejua kuzungusha maneno, akamwambia kwamba anayepanda lori anakabidhiwa dozi ya miezi sita, na anayebaki aende zahanati. Honorata akauliza zahanati ipi. Hasna akaendelea kujaza maboksi.

Basi kutwa nzima aliingia kibandani na kutoka, akaingia na kutoka. Miezi sita! Angeshushwa ng'ambo, apumzike siku mbili tatu, kisha arudi kwa miguu na dawa zake. Mpaka wenyewe ni vilima, na mbuzi wanauvuka kila siku wakifuata majani. Na akikamatwa je? Na huko akiulizwa nyumba yake iko wapi? Lakini kila akiyatazama mafiga, hofu ya mpaka ilikuwa ndogo. Alimwambia Happiness kwamba kesho hawamjui mtu yeyote. Kumzuia Dismasi hakuwa na njia, maana hakupata mtu wa kumtuma.

Asubuhi majina yakaitwa. Hasna akamkabidhi boksi, na Honorata akalikumbatia kwa mikono miwili. Mguu mmoja ulikuwa tayari kwenye ngazi ya lori Dismasi alipoingia getini, shati limelowa jasho, barua yenye muhuri ameifunga kwenye mfuko wa plastiki isichafuke.

"Huyu ni dada yangu, bwana," alimwambia Thobias huku akihema. "Tumbo moja."

Thobias akaisoma barua, akaigeuza, akausoma muhuri. Akamwita Honorata ashuke. Kama ni kweli, alisema, jina lake litafutwa sasa hivi na boksi litarudi, kwa kuwa zile ni dawa za wanaoondoka.

"Mama, unamjua mtu huyu?"

Dismasi alikuwa akitabasamu. Ndiye aliyemjengea nyumba alipoachika. Ndiye aliyembeba Happiness mgongoni mpaka hospitali siku ya kuungua, anakimbia huku analia.

"Simjui," Honorata akasema kwa Kirundi.

Thobias hakuridhika, akamwinamia mtoto. "Na wewe? Huyu si mjomba wako?"

Happiness akaitazama mikono ya mama yake juu ya lile boksi.

"Simjui."

Dismasi akaacha kutabasamu. Akalitazama boksi. Akautazama mkono wa mtoto, wenye kovu. Kisha akaichukua barua kutoka kwa Thobias, akaikunja polepole, akairudisha kwenye mfuko wake wa plastiki.

"Niwie radhi, bwana," akasema. "Nimewafananisha."

Thobias akamkaripia mbele ya watu wote, akamwita mwongo na mpoteza muda. Dismasi aliinamisha kichwa akapokea yote. Lori lilipoondoka alikuwa bado amesimama pale na baiskeli yake, na Honorata hakuthubutu hata kumpungia mkono, kwa sababu Thobias alikuwa anawatazama.