Mgeni Aliyekunywa Maziwa

Safiyo alikuwa akimkamua ng'ombe wake wa mwisho, kusini mwa Ijara, mtu asiyemjua alipochomoka msituni na kiatu kimoja, kifua chote damu.

"Maji, mama."

Maji hayakuwapo. Askari walikuwa wamekifukia kisima, wakidai kinanywesha waasi. Safiyo akampa kibuyu cha maziwa. Mtu yule aliyagugumia, kisha akajitaja: Murithi, afisa wa uvuvi. Gari lake limemiminiwa risasi njiani kutoka pwani. Dereva wake, Lazarus, amemfia mapajani.

"Umekunywa kwangu, sasa u mgeni wangu," Safiyo alisema. "Nitakufikisha kambini kwa askari."

Hajafunga mdomo, Jelle akatokea na bunduki. Jelle alikuwa mdogo wake, tumbo moja, aliyejiunga na waasi.

"Abaayo, dada yangu, ondoka hapo. Huyo ndiye aliyesimika vigingi vyekundu ufukweni. Jeshi litavifuata vigingi kutupiga mizinga."

"Vigingi vya kasa!" Murithi alisema. "Tunapanga hifadhi ya bahari. Kati ya vigingi hapatatupwa nyavu, kasa wapate kutaga. Njia ya ng'ombe wenu kwenda kulamba chumvi nimeiacha wazi."

Jelle akacheka. "Ng'ombe gani? Ninyi serikali mmewamaliza kwa risasi, leo mnawaonea kasa huruma?"

Murithi akajibanza nyuma ya Safiyo.

"Kwa hiyo dereva mmemuua kwa ajili ya kasa," Safiyo alimwambia ndugu yake.

"Ondoka, nimesema!"

"Maziwa yangu yamo tumboni mwake, Jelle."

Jelle akaugeuza mtutu, akampiga ng'ombe risasi ya kichwa. "Haya, maziwa yamekwisha." Kisha akashusha kitako cha bunduki juu ya mkono wa dada yake. Mfupa ukavunjika kama ukuni mkavu.

Safiyo hakusogea. Alimkazia macho kijana aliyemlea mgongoni, mpaka Jelle akatazama pembeni.

"Mpeleke. Kwangu usirudi tena."

Wakaenda, Safiyo mbele, mkono ukining'inia. Wenzake Jelle walikuwa vichakani. Wakamwona mwanamke na mgeni wake, wakawaacha wapite. Kambi ilipoonekana, Murithi akasimama.

"Rudi, mama. Askari wameamriwa kumpiga risasi mfugaji yeyote watakayemkuta nje ya ua wake."

"Nilisema nitakufikisha. Hapa ni kambini?"

Risasi kutoka kambini ikampata Safiyo pajani. Murithi akainua mikono, akipiga kelele, "Msipige! Mimi ni mtu wa serikali! Huyu yuko nami!" Safiyo akajiegemeza begani kwake, akachechemea, damu ikichora njia mchangani, mpaka vidole vyake vikagusa seng'enge ya lango.

"Umefika," alisema. Ndipo akakaa chini.